Kufufua Hilux ya zamani Mtwara na Lindi, na kuuza spea zinazobaki: mwongozo kamili

Msimu wa korosho ukikaribia, maswali huwa yaleyale. Mtu kanunua Hilux iliyolala miaka chini ya mwembe kule Tandahimba au Nachingwea, kaipiga rangi, kaivalisha matairi mapya, halafu inamshinda. Gasketi ya hedi aliyoagiza Dar haikai. Chesisi imekatika nyuma ya kabini gari likiwa na magunia. Hita plagi nne mpya (zile za kupasha injini ya dizeli joto kabla ya kuwaka) zimeungua ndani ya wiki.

Ukiwachunguza, wengi wamekwama palepale: wameanza na rangi kabla ya chesisi, na wamenunua spea kwa jina la gari badala ya namba. Usiruke hatua, hasa nne za mwanzo, kwa sababu hizo karibu ni za bure.

Mwongozo huu unahusu Hilux za dizeli ambazo namba ya chesisi inaanza na LN, za 1983 hadi 1997: LN65, LN85, LN105, LN106 na ndugu zao, zenye injini ya 2L au 3L. Kama yako ni ya petroli, sehemu za chesisi, breki na biashara zinakufaa. Za injini ziache.

Vitu vya kuandaa

- Nyundo ndogo, bisibisi nene la bapa, tochi, brashi ya waya
- Jeki na stendi nne za chuma (usitumie matofali ya saruji, hupasuka ghafla na wewe uko chini)
- Spana na soketi za milimita 8 hadi 24, na toki renchi, hata ya kuazima
- Fila geji (ya kupima nafasi nyembamba), rula ya chuma iliyonyooka, vernia (ya kupima unene)
- Geji ya kompresheni ya dizeli. Ya petroli haiwezi presha hii
- Multimita
- Grenda, mashine ya kuchomelea, miwani, glavu, ndoo ya mchanga mkavu
- Chaja ya betri ya kizamani, ndoo kubwa ya plastiki, magadi ya sokoni
- Praima ya redoksaidi (ya kuzuia kutu), rangi, thina
- Makopo matupu, tepu ya karatasi, kalamu ya wino usiofutika, daftari

Daftari usilidharau. Ndilo litakalokuuzia spea mwishoni.

Hatua ya 1: Soma kibao na namba kabla ya kutoa pesa

Fungua boneti. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini kuna kibao cha bati chenye modeli, injini, namba ya chesisi, rangi, na mstari wa gia na ekseli. Kama kimefunikwa na rangi, kifute kwa kitambaa chenye thina. Ukikipiga msasa unakula herufi.

Kisha tafuta namba yenyewe ilipopigwa kwenye chuma: chesisi ya upande wa kulia, mbele, ukichungulia kwenye tairi. Sugua kwa brashi ya waya, ilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Kama sehemu hiyo imechomelewa bati jipya, au namba zimepinda kama zilizopigwa kwa mkono, ondoka. Hakuna bei nzuri ya gari la namna hiyo.

Namba ya injini iko ubavuni mwa bloku. Hapa ndipo maajabu yalipo, maana magari haya yamebadilishwa injini sana. Kadi inasema 2L, chini kuna 3L au hata 5L iliyotolewa kwenye Hiace. Si kosa lenyewe, lakini lazima mabadiliko yaingizwe TRA, la sivyo utahangaika siku ya kuhamisha umiliki. Na kuanzia leo spea za injini unaagiza kwa injini iliyomo, siyo iliyoandikwa kwenye kibao.

Tofauti zake ni hizi. Kipenyo cha silinda: 2L ni milimita 92 (cc 2446), 3L ni 96 (cc 2779), 5L ni 99.5 (cc 2986). Na 2L yenyewe ziko mbili: ya zamani kamshafti inasukuma vali kupitia roka, wakati zilizokuja kuanzia 1988 hivi kamshafti inakaa moja kwa moja juu ya vikombe vya tapeti. Hedi zake hazibadilishani, wala mkanda wa taiming usidhani ni mmoja. Fungua kifuniko cha juu uone kwa macho yako.

*Umefanikiwa ikiwa* daftari lina modeli kamili, namba ya chesisi iliyolingana na kadi, aina ya injini iliyomo kweli, na mstari wa ekseli.

Hatua ya 2: Piga nyundo chesisi, urefu wake wote

Pwani yetu inakula chuma. Gari lililobeba samaki kutoka Mikindani au Kilwa lina kutu mbaya kuliko lililobeba korosho maisha yake yote, kwa sababu maji ya barafu yenye chumvi hupita kwenye mbao za bodi na kuingia ndani ya chesisi. La Newala nalo lina lake: udongo mwekundu hujaa ndani ya chesisi, unakunywa maji ya masika na kuyatunza hadi kiangazi.

Osha kwanza chini kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi. Ukiosha nayo unaongeza tatizo, bora ya mvua. Lala chini na nyundo ndogo, anza mbele kurudi nyuma, ukigonga kila kiganja kimoja. Chuma kizima kinalia ngo! Kilichooza kinajibu pu, na magamba yanaanguka. Palipojibu pu, sukuma bisibisi. Likizama, weka alama ya chaki.

Sehemu za kukazia: nyuma ya kabini, juu ya ekseli ya nyuma, na pale springi zinaposhikwa na chesisi. Ndani ya chesisi chungulia kwa tochi kupitia matundu.

Hatua ya 3: Amua, unafufua au unachinja

Tundu mbili tatu kwenye sehemu zilizonyooka, unafufua. Vishikio vya springi vya nyuma vimeoza pande zote mbili, au chesisi imepinda, chinja: gari hilo lina thamani zaidi vipande vipande. Wengi wanaona aibu kuchinja gari lililowaka. Mimi nasema gari linalowaka ndilo la kuchinja vizuri, kwa sababu kila spea umeisikia ikifanya kazi.

Kwa njia yoyote, nunua kwa mkataba wa mauziano wenye picha za pande zote mbili, nakala za vitambulisho, na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji. Chukua kadi yenyewe, siyo nakala. Ukichinja, fuatilia TRA usajili ufutwe.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma namba ya spea

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi kuliko zote.

Namba ya spea ya Toyota ina tarakimu kumi, tano kwa tano. Tano za mwanzo zinataja kitu ni nini: 11115 ni gasketi ya hedi, 13568 ni mkanda wa taiming, 19850 ni hita plagi, 31250 ni klachi plate, 31210 ni presha plate. Tano za mwisho zinasema ni ya nani. Kwa injini za ukoo wa L, mara nyingi zinaanza na 54. Kwa hiyo muuzaji akikuletea boksi la klachi lililoandikwa 31250-60 na kuendelea, una haki ya kuuliza, kwani 60 kwa kawaida ni mambo ya Land Cruiser.

Unapopiga simu Kariakoo, usiseme "nipe gasketi ya Hilux". Taja namba. Kama huna, tuma picha ya kibao, picha ya spea ya zamani ikiwa juu ya rula, na picha ya maandishi yaliyochongwa juu yake. Mwambie muuzaji akutumie picha ya boksi na spea yenyewe kabla hajaipeleka stendi. Kutoka Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Spea isiyoingia inalipa nauli mara mbili.

Gasketi ya hedi ina mtego wa pekee. Za injini hizi zipo za unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F. Inachaguliwa kwa kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku ikiwa kileleni. Nyembamba mno, pistoni inagonga. Nene mno, kompresheni inashuka na asubuhi gari haliwaki. Soma alama ya gasketi ya zamani kabla hujaitupa, na kama bloku imesagwa, pima upya.

Hita plagi nazo zinatofautiana volti. Zipo za 12 na zipo za volti ndogo zinazoongozwa na saa yake. Zote zinaingia kwenye tundu lilelile, na muuzaji asiyejua atakwambia ni kitu kimoja. Zile za wiki moja zilizoungua, chanzo ni hicho. Volti imeandikwa kwenye shingo ya plagi.

Hatua ya 5: Vua gari kwa mpangilio

Piga picha kila upande kabla ya kulegeza boliti ya kwanza. Kila kundi la boliti kopo lake, kila waya tepu yake yenye namba. Toa betri, kisha bodi ya nyuma, kisha tenki. Usichomelee chochote tenki likiwa garini, hata kama lilikauka mwaka jana: mvuke wa dizeli unabaki ndani.

Boliti zilizoganda ziloweshe mafuta ya kulegezea jioni, zirudie asubuhi. Ya bodi ikikataa kabisa, ikate kwa grenda. Muda wako ni ghali kuliko boliti. Ya hedi au ya nozeli usilazimishe kamwe.

Hatua ya 6: Chesisi

Kata kutu hadi ufike chuma cheupe. Kubandika bati juu ya kutu ni kuificha tu, itaendelea kula ndani. Pima unene wa chesisi kwa vernia, tafuta chuma cha unene huohuo. Kiraka kikate umbo la almasi, ncha zikielekea mbele na nyuma. Sababu ni kwamba mstari wa wima wa kuchomelea unakuwa mahali pa kukunjia, na mzigo ukija chesisi inapasuka pembeni mwa mstari huo huo. Ndiyo maana utaona magari yaliyokatika sentimita moja tu kutoka kwenye "kiraka imara". Chomelea vipande vifupi kwa kupokezana ili chuma kisivutike.

Usizibe matundu ya chini ya chesisi. Yamewekwa ili maji yatoke.

Baada ya hapo futa chumvi kwa maji baridi, kausha juani, paka redoksaidi siku hiyohiyo, mara mbili. Ndani ya chesisi wengi wetu tunapuliza oili chafu iliyochanganywa na grisi. Inasaidia, mradi isifike kwenye hozi za breki wala bushi za mpira.

Vipande vidogo kama vishikio, bawaba na kulabu vioshe kwa umeme: ndoo ya plastiki, maji, magadi vijiko viwili vitatu vya kulia kwa kila lita kumi. Kipande chenye kutu kifungwe hasi ya chaja, chuma chakavu cha kawaida kifungwe chanya, visigusane. Acha usiku kucha. Asubuhi kutu inatoka kwa brashi. Fanya nje, mbali na moto na sigara, kwa sababu gesi inayotoka inalipuka. Chuma cha chanya kisiwe stenlesi, kinatoa sumu. Springi na boliti ngumu usizitie humo, zinakuwa na ufa wa ndani.

*Umefanikiwa ikiwa* nyundo inalia ngo! kuanzia bampa hadi bampa, na ukimwaga maji ndani ya chesisi yanatokea chini.

Hatua ya 7: Injini, pima kabla ya kufungua

Mafundi wetu wanapenda kufungua. Mzuie wako. Pima kompresheni kwanza, injini ikiwa ya moto kama inawaka. Kwa 2L na 3L, injini nzuri inatoa kama kilo 32 kwa sentimita ya mraba. Ikishuka chini ya 20 imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Kama zote ziko 26 au 27, iache. Ovahoo ya bure, yaani kufungua na kukarabati injini nzima bila sababu, inaleta matatizo ambayo hayakuwepo.

Ikiwa rejeta inatoa mapovu injini ikiunguruma, au maji yanapungua bila kuvuja, fungua hedi. Ugonjwa wa kurithi wa 2L ni hedi kupasuka, kwa kawaida katikati ya vali, na chanzo karibu kila mara ni joto: rejeta iliyoziba, feni isiyoshika, kidhibiti joto kilichotolewa na mtu aliyedhani anasaidia. Hedi ipelekwe kupimwa kwa presha kabla ya kusagwa. Kusaga hedi yenye ufa ni kulipia ngozi ya ngoma iliyochanika.

Wakati wa kurudisha, boliti za hedi zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, kwa toki renchi. Kwa mkono mtupu utakaza zingine sana na zingine kidogo, na gasketi itaungua upande uliolegea.

Mkanda wa taiming badilisha bila kuuliza. Toyota wenyewe wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na gari la mwembeni hakuna anayejua lilitembea ngapi. Ukikatika, pistoni zinakutana na vali. Panga alama zote, kisha zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili. Alama zikirudi mahali pake na hakuna palipogoma, sawa. Ikigoma usiisukume, rudi uanze tena.

Kisha toa hewa: pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli, bonyeza hadi iwe ngumu. Isipokuwa ngumu, kuna mahali panapovuta hewa, mara nyingi hozi ya mpira iliyozeeka karibu na tenki.

*Umefanikiwa ikiwa* asubuhi ya baridi inawaka bila kusukumwa, moshi mweupe unaisha baada ya muda mfupi, na rejeta haina mapovu.

Hatua ya 8: Ekseli ya mbele, difu na breki

Kwa zile za kuvuta miguu yote zenye springi za majani mbele, angalia vifundo vya tairi kwa nyuma. Ukiona uji mweusi unateremka, sili ya ndani imekufa: oili ya difu (gia za ekseli) imevuka na kuosha grisi ya jointi. Kubadilisha sili ya nje peke yake hakusaidii kitu. Fungua, osha, weka sili ya ndani mpya, jaza grisi mpya, na difu iwekwe oili ya gia 80W-90.

Ukinunua difu ya kubadilisha, linganisha mstari wa ekseli wa kibao na wa gari ilikotoka. Mbele na nyuma zisipokuwa na uwiano sawa, siku utakayoweka 4x4 kwenye lami kitu kitavunjika.

Breki: hozi zote mpya, sili za masta silinda na za magurudumu mpya, mafuta ya breki ya DOT 3. Usiongezee oili yoyote nyingine, mpira wote utavimba. Juu ya ekseli ya nyuma kuna vali yenye mkono mrefu inayopunguza breki za nyuma gari likiwa tupu. Ukiongeza majani ya springi ili ubebe zaidi, bodi inakaa juu, vali inadhani huna mzigo, na ukiwa na magunia breki za nyuma zinakuwa dhaifu kwenye mteremko wa Kitangari. Irekebishwe mkono wake, usikubali izibwe.

Hatua ya 9: Waya, mbao na rangi

Waya: badilisha zilizoliwa na panya, safisha kila mahali pa hasi, weka fyuzi za kiwango chake.

Sakafu ya mbao ya bodi ipakwe mafuta ya maganda ya korosho, mchwa hawaisogelei. Vaa glavu, yanababua ngozi vibaya.

Rangi ni ya mwisho. Pulizia asubuhi kabla kusi haijaanza kuleta vumbi na chumvi. Puti isilale usiku bila praima juu yake, inafyonza unyevu na baada ya miezi inavimba. Ukibadilisha rangi iliyo kwenye kadi, TRA tena.

Hatua ya 10: Kuuza kilichobaki

Ukichinja gari moja kufufua lingine, unabaki na spea nyingi zaidi ya ulizotumia. Usiuze zote. Baki na hedi isiyo na ufa, pampu ya dizeli na vifundo vya mbele, utavihitaji. Zinazotoka haraka ni milango, vioo, taa, mlango wa nyuma wa bodi, rimu, gia boksi, alteneta na stata.

Kila spea iwe na kitambulisho: modeli ilikotoka, namba, hali yake, na ilivyojaribiwa. Kwa mfano: "Stata, LN106, 3L, inazungusha, imepimwa kwenye betri." Ukiwa na video ya injini ikiwaka kabla ya kuvuliwa, bei ya gia boksi na pampu inabishaniwa kidogo.

Bei ianzie ile ya Kariakoo ya spea kama hiyo iliyotumika, ongeza nauli ambayo mnunuzi hatailipa, kisha punguza kidogo ili asiwe na sababu ya kusafiri. Mali kauli mpe fundi mwenye gereji inayojulikana tu, kwa maandishi, na tarehe ya kulipa. Chukua TIN na leseni ya biashara mapema, maana kampuni na taasisi hazinunui bila risiti ya EFD, na hizo ndizo zinazolipa kwa mkupuo.

Muda una maana kubwa huku kwetu. Nunua magari mabovu kuanzia Machi hadi Juni, mifuko ikiwa imekauka. Uza kuanzia Oktoba, minada ya vyama vya ushirika vya TANECU, MAMCU na RUNALI ikianza kulipa na kila mwenye pikapu anataka ibebe kesho. Usisahau wanunuzi wa Msumbiji wanaovukia Mtambaswala: kule nako wanaendesha kushoto, kwa hiyo milango, dashibodi na stelingi zinaingia bila kubadilishwa. Mzigo upite forodha kwa karatasi.

Kwa mzigo wa basi, mwaga oili yote kwenye gia boksi na difu kabla ya kuifunga, ziba matundu ya pampu na mabomba kwa plastiki safi, vioo vifungwe kwa wima katikati ya magodoro chakavu. Andika jina na simu ya mpokeaji pande mbili, piga picha ya mzigo ukiwa ndani ya buti pamoja na namba ya basi, na umtumie kabla gari halijatoka stendi.